Bei Inapopaa Huku Kazi Zikiadimika

Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilizokuwa zikichimba mafuta ziliifungia Marekani bomba kwa kuiunga mkono Israel vitani. Kufikia Januari 1974, pipa lililokuwa likiuzwa kwa dola 3 hivi lilikaribia dola 12. Viwanda vikaanza kupunguza watu, na Mei 1975 wafanyakazi 9 katika kila 100 nchini humo walikuwa hawana ajira. Kwa kawaida hali ikifika hapo bei hutulia, maana wanunuzi hawana kitu. Safari hiyo hazikutulia. Mwaka 1974 zilipanda kwa takriban asilimia 11.

Huo ndio mdororo wa uchumi unaoambatana na mfumuko wa bei, na ubaya wake ni kwamba dawa ya upande mmoja ni sumu kwa upande wa pili. Benki kuu ikipandisha riba ili kutuliza bei, mwenye kiwanda hushindwa kukopa, kisha huachisha watu kazi. Ikishusha riba ili kazi zipatikane, fedha nyingi hufukuzana na bidhaa chache, bei zikaruka tena. Aghalabu chanzo ni upungufu wa kitu ambacho kila mzalishaji anakihitaji: mafuta, chakula, mbolea, fedha za kigeni. Riba haichimbi mafuta wala hailimi mahindi.

Serikali nyingi hukimbilia amri. Agosti 1971, Rais Richard Nixon wa Marekani alizuia bei na mishahara isipande kwa siku 90. Udhibiti ulipolegezwa baadaye, bei zilifumuka.

Tanzania nayo iliunda Tume ya Bei mwaka 1973, na waliokuwa watu wazima miaka iliyofuata hawahitaji kuelezwa kilichotokea. Mafuta yalipanda tena mwaka 1979, wakati nchi inatoka katika vita vya Kagera. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na fedha za kununulia vipuri hazikuwepo. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda haukulegea kwa miaka. Viwanda vilifanya kazi chini kabisa ya uwezo wake, huku bei zikipanda kwa takriban asilimia 30 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bei halali ya sukari ilikuwa nafuu, lakini sukari yenyewe ilikuwa kwa mlanguzi. Watu walipanga foleni tangu alfajiri kwenye maduka ya kampuni za biashara za mikoa (RTC), wakafua kwa majani ya mpapai, wakala ugali wa unga wa njano wa msaada walioubatiza jina la Yanga. Mkulima naye, alipoona bei ya serikali haimlipi, alipitisha mahindi yake njia za panya. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ulifichua bidhaa zilizofichwa, ila haukuongeza hata kipande kimoja cha sabuni kiwandani.

Marekani ilijinasua kwa maumivu. Paul Volcker, aliyeshika benki kuu Agosti 1979, aliacha riba ipande hadi karibu asilimia 20. Bei zilitulia, lakini mwishoni mwa 1982 ukosefu wa ajira ulifikia asilimia 10.8. Nchi maskini zenye madeni ya dola zikajikuta zinalipa riba ya ugonjwa wa mwingine. Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 1986, na katika mwaka huo dola moja ilipanda kutoka shilingi 17 hivi hadi zaidi ya 40. Bidhaa zilirudi madukani. Mshahara wa mwalimu na muuguzi haukuweza kuzifikia.

Kwa hiyo kosa kubwa ni kusubiri. Bei iliyoganda kwa amri huficha upungufu mpaka unakomaa, na gharama ya kuuponya humwangukia asiyeusababisha. Wakati wa kuuliza ni kabla mafuta hayajapanda. Wabunge wanapoijadili bajeti, waidai serikali majibu ya wazi: ghala la taifa lina chakula cha miezi mingapi, akiba ya fedha za kigeni inatosha kuagiza bidhaa kwa muda gani, na zikipanda bei, nani atalindwa kwanza. Wasipitishe bajeti isiyojibu maswali hayo matatu.