Kitufe Chekundu Kinamwita Nani?

Wacha niseme mapema, atakayekasirika aanze sasa. Kama unapanda milima peke yako na tegemeo lako ni simu, unacheza. Na kama umenunua kile kidude cha SOS kwa sababu jamaa fulani wa YouTube huko Colorado alikisifu, bado unacheza, ila kwa bei ghali zaidi.

Mwaka juzi niliteleza kwenye korongo upande wa nyuma wa Lukenya. Si Turkana, si Suguta. Lukenya, hapo tu, jirani na kwetu Athi River. Kifundo cha mguu kilienda kulia, mimi nikaenda kushoto. Giza lilipoingia, taa za viwanda vya simiti zilikuwa zimepaka anga rangi ya chungwa juu yangu. Nyumbani ni pale, karibu ninuse ile vumbi. Lakini ndani ya korongo simu haikushika mtandao hata kidogo, na kufikia saa tano betri ikafa. Aliyeniokoa asubuhi ni mchungaji aliyekuwa akitafuta mbuzi wake. Hakuja kwa ajili yangu.

Tangu siku hiyo naulizwa swali moja: ninunue gani? Enyewe ni swali la pili. La kwanza ni: ukibonyeza, nani anapokea, na atajua nini?

Chukua PLB, ile inayopiga mawimbi ya megahezi 406. Inatumia mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovieti mwaka 1979. Setilaiti zake zimeokoa watu tangu 1982. Hulipi ada ya mwezi, na ukishaiwasha inatakiwa kutuma mawimbi kwa angalau saa 24. Baharini ningeibeba bila kufikiri mara mbili. Lakini ni bubu. Inasema "nisaidie, niko hapa", basi. Haisemi kama umevunjika mguu ama umezingirwa na nyati, na wewe hutajua kama kuna mtu amefunga hata kamba za viatu kuja. Isitoshe, ndani yake kuna msimbo wa nchi. Ukiletewa moja ya mtumba kutoka Marekani na hujabadilisha usajili, jina na nambari zitakazosomwa ni za yule aliyeiuza. Atapigiwa simu, aseme yuko nyumbani, salama kabisa.

Ndiyo maana nasema bila kupepesa: huku kwetu, nunua kinachoongea pande mbili. Mfano ni inReach ya Garmin, inayotumia setilaiti za Iridium. Unaandika, unajibiwa. Ndiyo, kuna ada. Na ndiyo, ukibonyeza SOS ujumbe unafika kwenye kituo kilichoko Texas. Huyo wa Texas haijui Kyulu wala Kilimambogo. Atatafuta mamlaka za huku, halafu atapigia watu ulioandikisha. Hapo ndipo wengi wetu tunaanguka mtihani: tumeandikisha nambari ya mpenzi wa zamani, ama ya rafiki anayezima simu akilala.

Wenye iPhone msinirukie. Huduma ya dharura ya setilaiti ya Apple ilianza Novemba 2022 Marekani na Kanada, kisha ikaongezewa nchi moja moja. Usijifunzie Kyulu kama Kenya imo.

Kuna wanaosema maneno si muhimu, muhimu ni kujua mtu yuko wapi. Wakumbuke Batian, Septemba 1970. Gert Judmaier, raia wa Austria, alivunjika mguu karibu na kilele hicho cha Mlima Kenya. Mwenzake, Oswald Oelz, alishuka kuita watu na kueleza hali. Waokoaji wa hapa wakapanda, helikopta ikaanguka na rubani wake akafa, mpaka timu nyingine ikaletwa kwa ndege kutoka Austria. Ilichukua zaidi ya wiki, na Judmaier akapona. Mahali pa kumpata palijulikana mapema. Kazi ilikuwa kujua nini kinahitajika: kamba gani, dawa gani, watu wangapi. Sasa wewe unaenda peke yako. Oelz wako ni nani?

Bei najua. Ni dola mia kadhaa, na si kila mtu analipwa vizuri huku EPZ. Lakini tuna chama cha sufuria, chama cha viti, chama cha kwenda Diani Desemba. Watu sita kununua kifaa kimoja na kupokezana, hicho ndicho kinatushinda? Ila kila anayekichukua abadilishe majina ya watu wa kupigiwa kabla ya kutoka.

Changu kina jina la mama. Kwenye friji yake kuna karatasi: njia nitakayopita, saa ya kurudi, nambari ya askari wa KWS wa mahali ninapoenda, na ya AMREF Flying Doctors, ambao nalipia uanachama wao kila mwaka. Tulifanya mazoezi mara mbili mezani, akilalamika maandishi ni madogo. Safari ya kwanza nilimwandikia kutoka Kyulu, jioni, mawe meusi pande zote: "Niko salama." Dakika kadhaa zikapita, kifaa kikalia.

"Umekula?"