Kimbunga si Mapenzi

Washikaji, nina ugomvi na kalamu zenu. Kila nikifungua shairi la kijana wa mjini nakutana na kimbunga: kimbunga cha mapenzi, kimbunga cha macho ya bibie. Mshairi kapeperushwa, kaangukia kifuani mwa mtu, beti zimekwisha. Jamani! Mmewahi kumwuliza mtu wa pwani kimbunga ni kitu gani?

Aprili 15, 1872 kimbunga kilipiga Unguja. Vyombo vilivyotia nanga bandarini, merikebu za Seyyid Barghash zikiwemo, vilizama au vikatupwa ufukweni. Minazi na mikarafuu ikang'oka. Na mkarafuu, bwana, hauzai mwaka uliopandwa. Unangojwa kwa miaka. Pemba iliyonusurika ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Mgongo uliopanda upya Unguja ulikuwa wa mtumwa. Hayo ndiyo mapenzi?

"Za kale hizo," mtasema. Haya. Machi 2019 Idai kiliipiga Beira, mamia wakafa. Wiki sita baadaye, Aprili 25, Kenneth kikaingia Cabo Delgado, wanakosema Kimwani, ndugu wa damu wa Kiswahili chetu. Kisiwani Ibo nyumba zikabaki kuta bila paa. Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia, hapa hapa kwetu. Beti zenu ziko wapi?

Wapo wanaonijibu eti ni kazi ya Mungu. Upepo ni wake, sikatai. Lakini kimbunga hula joto la bahari, na bahari inazidi kupashwa na moshi wa viwanda na magari ambayo mvuvi wa Ibo hajawahi kuyamiliki. Mikoko inayovunja nguvu ya mawimbi tumeikata wenyewe, tukauza boriti na mkaa. Hayo yana wenyewe, na kuwataja ni kazi ya mwandishi.

Wengine wanasema sanaa si taarifa ya habari. Kweli kabisa! Taarifa ya habari huhesabu maiti, halafu inakwenda kwenye michezo. Nani basi atamwandika mama anayezunguka kifusi akitafuta ulipokuwa mlango wake?

Sijitoi. Nami nilikuwa na shairi langu la kimbunga cha mapenzi. Nililisoma mbele za watu, makofi yakalia. Nimelichana.

Zamu yenu.