UKURASA WA JAMAA: Mgeni wa mtoto ni mgeni wa baba

Mwezi huu tuzungumze juu ya safari ambayo wengi wanaitamani na wachache wanaitayarisha: kwenda kuona jamaa ya mtoto unayemlipia masomo.

Desturi ya kumsaidia mtoto wa mbali kwa jina na picha si ya jana. Mwaka 1937, wakati wa vita vya Hispania, Mwingereza John Langdon-Davies alianzisha kazi ambayo leo inaitwa Plan International, na kila mtoto akapata mzazi wa mbali wa kumwandikia barua. Lakini mfadhili si mzungu peke yake. Wamama wa kanisa katika kambi ya wachimbaji wakichanga franga kila mwezi kwa mtoto mmoja wa Mulenge, nao ni wafadhili, na siku moja watatuma watu wawili kwenda kumwona.

Basi, kutoka Uvira unafuata bonde la Ruzizi, unapita Kiliba na Sange, halafu unaacha bonde na kupanda. Kwanza uliza mchungaji wa kule kama njia iko salama, maana milima hii imeona vita vingi. Tena tuma habari mbele. Mgeni wa ghafula anamkuta mama shambani na baba hana hata kiti. (Ukituma mapema mno wataenda kukopa mbuzi! Siku mbili tatu zinatosha.)

Sasa jambo lenyewe. Mgeni anafika, watoto saba wako kiwanjani, anauliza: "Ni nani kati yenu?" Mmoja anasukumwa mbele. Anapewa begi, viatu, daftari, anapigwa picha. Wengine sita wanaangalia vile viatu. Baba amesimama kando ya mlango sawa jirani aliyepita njia. Usiku ule mtoto akikatazwa jambo, atajibu nini? "Wewe haukuninunulia hata kalamu." Neno hilo linavunja nyumba, na mgeni amekwisha kurudi Uvira bila kulisikia.

Na mara nyingi si kweli. Tangu miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kulipa walimu, wazazi ndio walioshika shule kwa ile prime, mpaka masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa bure katika shule za Serikali, Septemba 2019. Baba yule labda aliuza mbuzi juu ya wakubwa wa mtoto huyu. Na sekondari bado inalipwa. Mfadhili amemshika baba mkono kwa mtoto mmoja, basi.

Kwa hiyo salimu wakubwa kwanza, keti, pokea maji. Zawadi uiweke mikononi mwa baba na mama, nao watampa mtoto wao. Leta vitu vya nyumba nzima: chumvi, sabuni, mafuta, ndagala za ziwa. Pesa usitoe kiwanjani mbele ya majirani.

Pengine yule aliyeandikwa kwenye karatasi kuwa mama, kumbe ni shangazi au bibi. Usiulize mbele ya mtoto. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa. Tangu hapo watu wa milima hii wamekimbia zaidi ya mara moja, na watoto wengi wamelelewa na yule aliyebaki.

Nanyi mnaopokea wageni, semeni ukweli: kama mtoto ameacha shule, kama ameolewa, kama barua zote ziliandikwa na mwalimu. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune, huko Marekani, lilieleza habari ya mtoto wa Mali aliyekuwa amekufa, huku mfadhili wake akiendelea kupata habari kana kwamba yuko hai. Mfadhili anayedanganywa hivyo, kesho hatamchukua mtoto wa jirani yenu.

Halafu chakula. Kuku itachinjwa, hata ikiwa ni moja tu, na kukataa ni kumwaibisha mama. Kula ugali, kula maharagi, chukua kipande kimoja cha nyama na kingine ukiache ndani ya sahani. Watoto wanakula nyuma ya mgeni, na ile sahani ikirudi jikoni wote saba wanaiangalia.