Tujenge kwa Mikono Yetu, Tudai kwa Sauti Yetu



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme mna kisa ambacho ni nadra kuhubiriwa mpaka mwisho wake. Naamani, jemadari wa Shamu, baada ya kuponywa ukoma katika maji ya Yordani, alimrudia nabii Elisha akiwa na fedha, dhahabu na mavazi ya thamani. Nabii akakataa. Akasihiwa, akakataa tena. Wahubiri wengi hukomea hapo, tukaisifu imani ya yule mgeni na kwenda zetu. Lakini kisa chaendelea. Gehazi, mtumishi wa nabii, alimkimbilia jemadari njiani, akatunga uongo kwamba wamefika vijana wawili wenye shida, akapokea talanta mbili za fedha na kuzificha nyumbani. Alipotoka mbele ya bwana wake siku ile, ukoma wa Naamani ulikuwa juu yake.

Tumeanza na Gehazi kwa sababu twamfahamu. Amehudumu katika parokia zetu kwa muda mrefu, na mara nyingine, tukiri bila kuzungukazunguka, amevaa stola. Yeye ndiye apigaye simu katika ofisi ya mheshimiwa majuma mawili kabla ya sikukuu ya somo wa parokia. Ni hodari wa kubuni vijana wawili wenye shida: paa la nyumba ya mapadre linavuja, kwaya haina sare, basi la vijana limekufa injini. Shida zenyewe huenda zikawa za kweli. Uongo umo katika kutuaminisha kwamba sisi wenyewe hatuwezi kuzitatua, na kwamba mkono unaotupa hautaki kitu.

Mwezi Novemba 2024 jambo hili lilijitokeza mbele ya taifa zima. Tarehe 14 maaskofu wetu Wakatoliki wa Kenya walitoa tamko kali juu ya hali ya nchi, wakikemea, pamoja na mengine, uongo uliokuwa umefanywa desturi ya uongozi. Siku tatu baadaye, siku ya Dominika, Rais William Ruto alihudhuria Misa katika kanisa la Soweto, Kayole, jijini Nairobi, akatoa zaidi ya shilingi milioni 2 na nusu kwa kwaya na kwa nyumba ya mapadre, akaahidi nyingine milioni 3 pamoja na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa na kwamba ahadi zilizobaki hazitapokelewa. Wako waamini waliosikitika. Wako waliouliza, fedha zina kosa gani? Na wako waliokumbuka kwamba mwezi Julai wa mwaka huohuo Rais mwenyewe alikuwa ametangaza kuwa maafisa wa serikali hawatashiriki tena katika harambee. Tangazo lile lilikuja siku chache baada ya tarehe 25 Juni, siku vijana walipoingia Bungeni kuupinga Mswada wa Fedha, na damu ya wengi wao ikamwagika katika barabara zetu.

Swali la kosa la fedha ni swali halali, nasi tutalijibu. Lakini kwanza turudi nyuma kidogo.

Harambee haikuzaliwa na wanasiasa. Kabla ya serikali ya kikoloni na baada yake, watu wetu walilimiana na kujengeana: ngwatio kwa Wakikuyu, mwethya kwa Wakamba, saga kwa Wajaluo. Aliyeshindwa kutoa mbuzi alitoa siku ya jembe, naye hakudharauliwa. Nchi ilipopata madaraka tarehe 1 Juni 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliifanya Harambee kuwa wito wa taifa, na watu wakaitikia. Shule nyingi za sekondari tunazojivunia zilijengwa na wazazi wasiojua kusoma, kwa kahawa, kwa mahindi, kwa kuku. Huo ulikuwa utajiri wa kweli wa nchi hii.

Ulipotea namna gani? Uliporwa hatua kwa hatua. Kwanza aliletwa mgeni wa heshima. Kisha mgeni wa heshima akawa na marafiki, na marafiki wakawa na bahasha. Kisha chifu akapewa kiwango cha kukusanya, na mjane akanyang'anywa kuku ili jina la tarafa lisomwe vizuri mbele ya mkubwa. Mwishowe aliyetoa siku ya jembe hakusomwa kabisa, kwa sababu jembe halipigiwi makofi. Mwaka 2003 Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ilijaribu kuwawekea viongozi mipaka katika michango. Sheria ikabaki kitabuni, mgeni wa heshima akabaki jukwaani.

Sasa tuseme kosa la fedha, na tuseme kutokana na aibu yetu wenyewe. Katika kigango kimoja tulichokihudumia, lilitakiwa jumba la mikutano. Tulimwalika mtu mwenye cheo. Sisi mapadre ndio tuliomwalika, si walei. Alikuja na msafara, akaweka jiwe la msingi lenye jina lake, akaacha fedha taslimu kidogo na ahadi nyingi. Kuta zilifika kwenye linta, uchaguzi ukapita, ahadi zikakauka. Mbuzi walilala humo kwa miaka. Lakini hasara kubwa haikuwa jumba. Mwaka uliofuata uwanja wa shule ya jirani ulizungushiwa ua usiku, na kila mtu alijua ua ule ulikuwa na uhusiano na nani. Wazazi walitujia wakitaka Kanisa liseme. Tulikaa kimya. Hakuna aliyetuamuru kunyamaza, wala hakuna aliyetutisha. Jiwe la msingi lilikuwa pale mlangoni, tukalipita kila siku, tukanyamaza. Watoto wale hawakupata uwanja wao tena.

Hilo ndilo jibu letu kwa wanaouliza fedha zina kosa gani. Zilinunua ulimi wetu, na kwa bei rahisi mno.

Baadaye jumba lilikamilika. Jumuiya ziligawana kazi: moja ilichukua madirisha, nyingine sakafu, nyingine, ambayo wengi wao ni vibarua, ilichimba choo na kuleta mchanga. Mahesabu yalisomwa kila Dominika ya kwanza ya mwezi mpaka misumari. Mavuno mawili yalitosha kufanya kilichoshindikana kwa miaka tisa. Wanaodai kwamba watu wetu ni maskini mno kujitegemea hawajakaa nao wakapiga hesabu.

Hata hivyo twatambua hatari nyingine, nayo ndiyo inayotusukuma hasa kuandika. Siku hizi twasikia katika jumuiya, na zaidi kutoka kwa vijana, maneno haya: wanasiasa wote ni wale wale, serikali ni ya wenyewe, tujifungie tujisaidie, tusiwapigie kura wala tusiwadai. Twaelewa uchungu unaozaa maneno hayo. Mzazi aliyemzika kijana wake mwaka 2024 hatumtaki aimbe sifa za taifa. Lakini kujitegemea kwa namna hiyo ndiko hasa mwizi wa mali ya umma angependa tukufuate. Atafurahi tukijijengea zahanati, ili fedha ya zahanati imbakie. Atafurahi tukijichimbia kisima, kisha aje apige picha kisimani.

Bibi asiye na mshahara hulipa kodi kila anunuapo sabuni. Kwa hiyo anapochanga tena kwa ajili ya darasa ambalo lilikwisha kutengewa fedha, amelipa mara mbili, na pale mheshimiwa anapoleta mabati yaliyonunuliwa kwa kodi yake na kumtaka apige vigelegele, amelipa mara tatu. Mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge ulioanzishwa mwaka 2003 ulitokana na fedha za umma. Lakini nani hajaona choo cha shule kilichoandikwa jina la mbunge kwa herufi kubwa kuliko mlango wake? (Tumewahi kuwaza kwamba mtu akipenda jina lake liandikwe chooni, pengine tusimzuie.)

Mafundisho ya Kanisa yako wazi katika jambo hili. Baba Mtakatifu Pius XI, katika waraka wake Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alifundisha ile tuiitayo kanuni ya auni: kwamba ni dhuluma kwa chombo kikubwa kuchukua kazi ambayo chombo kidogo chaweza kuitimiza. Familia isinyang'anywe kazi ya familia, wala kijiji kazi ya kijiji. Wengine huinukuu nusu hiyo wakaiacha ya pili, yaani kwamba chombo kikubwa kina wajibu wa kusaidia pale ambapo kidogo hakiwezi. Jumuiya yaweza kumlipia yatima karo. Haiwezi kujenga daraja la mto, wala kulipa mishahara ya wauguzi wa wilaya nzima. Anayetuambia tujitegemee katika daraja anatudhihaki.

Mfano mzuri kuliko wote twauona kwa Nehemia. Alipotaka kuujenga ukuta wa Yerusalemu hakumchukia mfalme wala hakumpigia magoti. Alimwomba mbao za msitu wa mfalme kwa barua rasmi, mchana kweupe. Kisha ujenzi wenyewe ukafanywa na watu, kila jamaa mbele ya nyumba yake: mafundi dhahabu, wauza manukato, hata Shalumu pamoja na binti zake. Maandiko hayakusita kutuachia habari kwamba wakuu wa Watekoa walikataa kuinamisha shingo kwa kazi ile. Na Nehemia, aliyekuwa liwali kwa miaka 12, hakula posho ya liwali, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito.

Barua ya mchana kweupe, basi, tunayo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la raia katika muda wa siku 21. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika fedha za umma. Ni parokia ngapi zilizowahi kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa kaunti kuuliza fedha za zahanati iliyosimama nusu zilikwenda wapi? Harambee za wageni wa heshima tumeziandaa kwa kadi za rangi. Barua ile hatujaiandika.

Tena tusijidanganye kwamba wezi wako serikalini tu. Ukaguzi wa mahesabu ya KUSCCO, muungano wa vyama vyetu vya akiba na mikopo, uliotangazwa mwaka 2025, ulionyesha kwamba shilingi zipatazo bilioni 13.3 zimepotea. Fedha hizo zilikuwa akiba ya walimu, wakulima na wafanyakazi, na waliokabidhiwa walikuwa wenzetu. Katika vyama vidogo vya akina mama ugonjwa ni uleule kwa kipimo kidogo: mweka hazina ambaye haulizwi kwa sababu ni mama mcha Mungu, kitabu kilichokuwa kwa katibu aliyesafiri, mkopo wa mwenyekiti usiotajwa. Na parokia je? Padre asiyesoma mahesabu ya sadaka mbele ya waamini hana uso wa kumdai gavana mahesabu ya kaunti. Twaliandika hili tukijua kwamba baadhi ya ndugu zetu mapadre hawatafurahi.

Kwa hiyo, katika Kwaresima hii, Tume yaomba mambo machache. Mahesabu ya parokia na ya kila kigango yabandikwe mlangoni mwa kanisa, pamoja na madeni. Kila jumuiya ichague kazi moja iliyo ndani ya uwezo wake na kuimaliza kabla ya kuanza nyingine, na siku ya jembe ihesabiwe na kusomwa sawa na noti. Kila parokia iandike barua moja kwa ofisi ya umma inayohusika, ihifadhi nakala, na siku 21 zikipita bila jibu, jambo hilo litangazwe Dominika inayofuata, nasi tupelekewe nakala.

Kuhusu wageni wenye vyeo: wakija Misani wakaribishwe kama mwamini mwingine yeyote, waketi panapopatikana nafasi, na sadaka yao waitie kikapuni bila kutajwa. Akitokea anayeomba nafasi ya kuwasalimu waamini, mwenyekiti wa halmashauri amweleze kwa adabu kwamba matangazo yamekwisha kuandikwa. Bahasha ikiachwa sakristia, irudishwe kabla ya jua kuchwa, na anayeirudisha asiende peke yake.