Sauti Thelathini Darasani

Husemwa mara nyingi kwamba somo la sauti halifundishiki pasipo maabara. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Mwalimu wa Pongwe tayari anacho chombo cha kutosha, nacho ni makoo ya wanafunzi wake.

Tuchukue mfano wa mlio unaotangulia filamu katika kumbi zenye mitambo ya THX. Uliundwa na James Moorer wa Marekani, na umma uliusikia kwanza mwaka 1983. Kompyuta ilitoa sauti 30 hivi, zikitangatanga kati ya mitetemo 200 na 400 kwa sekunde. Masikio yakapokea mvumo wa fujo. Kisha zote zikateleza polepole, hizi zikipanda na hizi zikishuka, hata kila moja ikatua mahali pake katika mwafaka mmoja mpana wa noti ya D. Programu yake ilikuwa na mistari 20,000 hivi. Wanataarabu wa Tanga, wakilinganisha ala zao, hufanya jambo la jamaa na hilo bila kuandika hata mstari mmoja!

Basi na wasimame wanafunzi thelathini. Kila mmoja avume noti aipendayo. Mwalimu avume yake, na wote waiendee taratibu, wavulana wakiishia oktavu moja chini ya wasichana, yaani kwa nusu ya mitetemo. Wawili wanapokaribiana, mmoja kwenye mitetemo 200 na mwenziwe 204, sauti itadunda mara 4 kwa sekunde. Mdundo huo, ambao vijana wetu huukariri ubaoni bila kuusikia, utapungua kasi, kisha utatoweka.