Askari wa akiba na zabuni za Serikali: Mlango upo, ufunguo haupo

KWA kijana wa Kibimba, mkoani Kagera, aliyehitimu mafunzo ya Jeshi la Akiba, ajira iliyozoeleka ni moja tu: kulinda mali ya mwingine kwa ujira mdogo.

Hata hivyo, sheria imemfungulia mlango mwingine. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeuendeleza utaratibu huo. Halmashauri nazo hutenga asilimia 4 ya mapato ya ndani kuwakopesha vijana bila riba.

Kwa upande wa taasisi, jeshi lilikwishatangulia. SUMAJKT, iliyoanzishwa mwaka 1981, hufanya ujenzi na ulinzi kwa mikataba. Lakini shirika hilo lina mitaji, mitambo na wahandisi. Mgambo hurejea kijijini na cheti na nidhamu tu.

Nidhamu pekee haiandiki zabuni. Kijana lazima awe katika kikundi kilichosajiliwa, chenye namba ya mlipakodi na akaunti ya benki, kisha aombe kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza mwaka 2023. Akishinda, malipo yakichelewa, mtaji wake mdogo hukauka.

Vita vya mwaka 1978 viliifundisha Kagera thamani ya mgambo. Kumfundisha kukokotoa bei na kusoma mkataba kabla hajavua gwanda kungekuwa sehemu ya kulilipa deni hilo.