Serveri ya nyumba: weka feza ku disiki, hapana ku mashini

Mu mwezi wa pili, mujane wa mwenzetu mumoja wa kazi alikuja kwangu hapa Mulungwishi na sashe ya plastiki mu mukono. Ndani mulikuwa karatasi za bwana yake: kontra mbili, karte ya kazi, na buletin za malipo zenye maji ya mvua ilikuwa imezipita. Nilizianika ku meza moja moja. Zenye mutu anaweza kusoma zilikuwa tano tu. Kompanyi ya su-tretansi yenye ilimutumikisha bwana yake ilifungaka zamani, mu ofisi yao leo banauzisha simenti. Mama akaniuliza: «Papa delege, miaka kumi na moja ya bwana yangu njo hii tu?»

Sikuwa na jibu. Lakini tangu siku ile nilianza kutafuta namna ya kujenga mu nyumba yangu kile vijana wanaita serveri: mashini moja kidogo yenye kukaa yenye kuwaka, na disiki ndani yake, na kila simu ya nyumba inaweka pale karatasi na picha zake kwa njia ya Wi-Fi. Na nimeona kama wengi wanakosea pa kuanzia. Wanaanza na mashini. Inafaa kuanza na disiki na umeme.

Mutu atasema: «Miye karatasi zangu ziko mu simu.» Simu yako ikianguka mu cho, ao ikiibiwa ku soko Likasi, utakuja kuniambia. Mwingine atasema: tuma ku Google. Ni kweli, Google inapana jiga 15 bure, lakini zile jiga 15 ni za picha na barua zote pamoja, na kuzipandisha kule kunakula forfe. Halafu namba ya siri mutu anaisahau, na ile simu yenye ilikuwa inapokea kodi haiko tena.

Sisi wa Likasi, Panda, Shituru na Kambove tunajua karatasi ni nini. Mu 2003 na 2004, watumikaji zaidi ya elfu kumi wa Gécamines walitoka ku kazi mu ile operesheni ya «départs volontaires», na feza ya Banki ya Dunia. Kwa miaka mingi nyuma, wengi kati yao waliendelea kudai haki zao. Mutu mwenye kudai, wanamuomba nini ya kwanza? Karatasi. Mwenye aliichunga anasikilizwa. Mwenye panya walikula yake anaambiwa arudi kesho. Na sasa ni mubaya zaidi, kwa sababu kijana wa leo hatumike miaka 25 ku kompanyi moja sawa baba yake. Anatumika miezi sita huku, mwaka moja kule, kila mara na su-treta mwingine. Sheria inamulazimisha mwenye kazi kumupatia mutumikaji buletin ya malipo. Haimulazimishe mutoto wako kujua uliificha wapi.

Sasa tuje ku mashini. Kijana wangu, mwenye anasoma informatiki, aliniletea liste: prosesere ya muchezo, memware jiga 32, kesi ya kiyoo yenye mataa ya rangi. Nikamuuliza, ile mataa itasoma buletin ya mama yako? Akacheka. Serveri ya famiye haifanye kazi nguvu. Inafungua mulango, inatoa fishie, inafunga mulango. Ukiweka Debian bila ekra na bila mapambo, memware ya jiga 4 inatosha. Ukitaka TrueNAS, wao wenyewe wanaomba jiga 8 kuanzia. Basi.

Kitu chenye kinaua serveri huku kwetu ni umeme. Mwadingusha na Koni, barraji mbili za mutoni Lufira, haziko mbali na sisi, na tunalala mu giza. (Ile ni makala ingine, nitaiandika siku nikiwa na moyo mutulivu.) Fanya hesabu pamoja na miye. Ordinatere kubwa ya zamani, ile ya kusimama chini ya meza, inaweza kula wati 70 hata kama haifanye kitu. Kwa saa 24 ni wati-saa 1680. Laptopu ya zamani, ekra yenye kufungwa, inaweza kukaa ku wati 15 ao chini: wati-saa 360 kwa siku. Batri ya voliti 12 na amperi-saa 100 inachunga wati-saa 1200, lakini kama ni ya plombi usiikamue kupita nusu, itakufa mbio. Kwa hiyo uko na 600. Ile kubwa inamaliza 600 mu saa 8 na kidogo. Laptopu inafika saa 40. Na bado onduleri nayo inakula sehemu yake, kwa hiyo muzuri ni kutafuta adaptere ya kutoa voliti 12 mpaka 19 moja kwa moja, bila kupita ku 220.

Ndiyo maana ninasema wazi: ku nyumba zetu, chukua laptopu ya okazyo. Iko na batri yake ndani, umeme ukikatika haizime ghafula mu katikati ya kuandika, na kuzimika ghafula vile njo kunaharibu mafishie. Ekra ikiwa imepasuka ni muzuri zaidi, bei inashuka na weye hauna lazima nayo. Yangu nilinunua dola 60, klavye yake inakosa herufi tatu. Angalia tu batri isiwe imevimba. Ikivimba, itoe siku ile ile. Kama mashini inakubali, iweke isichaji kupita 80 ku mia, kwa sababu itakaa ku umeme usiku na muchana. Raspberry Pi nayo inakula kidogo kabisa, simukatazi mwenye kuipenda, lakini haina batri.

Disiki sasa. Hapa usihurumie feza yako. Kwanza, ukubwa: watu wanataka tera 8. Ya nini? Karatasi moja yenye kupigwa picha muzuri haifike jiga moja, haifike hata kipande cha mia cha jiga. Picha 20.000 za simu, kama kila moja iko na mega 3, ni jiga 60. Tera moja inatosha nyumba mingi, mbili kama munapenda video za arusi. Feza yenye imebakia, nunua disiki ya pili. Na ya tatu.

Vijana watakuambia juu ya RAID, disiki mbili zenye kuandika kitu kimoja pamoja, sawa mutu na kiyoo. Ni muzuri kwa ofisi yenye haitaki kusimama. Lakini mutoto akifuta picha ya tate ku disiki ya kwanza, kiyoo nacho kinafuta. Miye niliacha kiyoo. Disiki ya kwanza iko mu laptopu. Ya pili, ya inje, inapokea kopi kila usiku saa nane, na kopi za siku zilizopita zinabakia. Ya tatu iko kwa dada yangu Likasi, tunabadilishana kila mwisho wa mwezi ninapoenda ku mukutano wa sendika. Nyumba ikiungua, dada iko na yote.

Usinunue disiki mbili za siku moja mu kartoni moja; zinaweza kufa pamoja. Uliza pia kama ni SMR, ile yenye kuandika mistari yenye kufunikana sawa mabati ya nyumba: ni ya bei chini lakini inachelewa sana ukiandika mingi. Mu 2020 Western Digital ilikubali kama disiki zingine za WD Red, zenye iliuzisha kwa kazi hii hii, zilikuwa SMR na watu hawakuambiwa. Kama ni ya okazyo, fundi akufungulie na smartctl muone saa zenye imekwisha kuzunguka. Saa elfu 40? Mwachie.

Na kitu cha tera 2 cha bei ya mukate, kimbia. Miye nilinunua fulashi moja ya vile. Iliandika «2 tera», ikakubali picha zote za kilio cha mama yangu, na wakati wa kuzifungua, zenye zilifunguka zilikuwa za kwanza tu. Ndani kulikuwa jiga 32 zenye kudanganya. Iko programu ya bure, F3, yenye inajaza kitu mpaka mwisho na kusoma tena. Sasa ninaipitisha ku kila disiki mbele ya kuiaminia.

Kuanzia mwezi wa kumi na moja radi zikianza, toa fishi ku ukuta. Parafudre inasaidia, lakini radi ya Likasi haisomake notisi.

Forfe haiko lazima. Rutere ya Wi-Fi bila intaneti inafanya kazi muzuri mu parsele. Mingi zinakula voliti 12, soma chini yake, na zinaweza kukaa ku batri ile ile. Na funga disiki kwa neno la siri, kwa sababu mwizi wa mashini asipate na mishahara ya watu.

Wale watano buletin za yule mama nilizipiga picha, ziko mu disiki zote tatu. Tunatafuta sasa watu wenye walitumika na bwana yake mu ile miaka. Kama uliwahi kutumika ku ile kompanyi yenye ofisi yake leo ni depo ya simenti, na ungali na hata buletin moja, uilete. Sitaichunga, nitaipiga picha na kukurudishia palepale.